Mwalimu Aliyepima Maji Yetu

Alikuwa akishika glasi ya maji kwa vidole vitatu, chini kabisa karibu na kitako, ili joto la kiganja lisiingie ndani. Nilimwona akifanya hivyo maabara, nilimwona akifanya hivyo harusini, na mara moja msibani, ambako aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa utulivu, ndipo akanywa. Watu wa Old Moshi walikuwa wamemzoea. Walimwita Mwalimu tu. Kijiji kilikuwa na walimu wengi, lakini mtu akisema "nimetoka kwa Mwalimu" hakuna aliyeuliza ni yupi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Wanaomfahamu wanajua, na wasiomfahamu hawatapungukiwa na kitu. Nataka kuandika jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu ndivyo nilivyomjua, na kuhusu kosa moja alilolifanya, kwa sababu nilikuwepo tangu mwanzo wake na sehemu yake niliibeba kwa mikono yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi bomba. Shule niliacha kidato cha pili. Nilikutana naye nilipoitwa kwenye shule aliyokuwa akifundisha kemia, nibadilishe bomba lililokuwa likivuja chini ya meza ya maabara. Alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Fundi, hilo bomba limeliwa na nini?"

"Na kutu, Mwalimu."

"Kutu ni jina. Nimeuliza limeliwa na nini."

Alivuta stuli akasema, "Kaa." Akanieleza habari za chuma, maji na hewa kwa karibu saa nzima, na maji yakiendelea kudondoka kwenye ndoo. Baada ya hapo ndipo nikakaza nati. Tangu siku ile nikawa napita kwake kila Jumamosi. Alikuwa akiniazima vitabu, kimoja kimoja, na hakunipa cha pili kabla hajanihoji cha kwanza. Nilichonacho cha elimu nilikipata hivyo, nikiwa mtu mzima, na spana mfukoni.

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "kidogo." Mkewe, ambaye sisi wote tulimwita Bibi, alikuwa akisema hadharani kwamba amepika miaka yote ile chini ya usimamizi.

"Umetia chumvi?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Mwalimu, chumvi kidogo ni chumvi kidogo. Ukitaka ya kupima, nenda kale shuleni."

Aliandika tarehe kwa penseli kwenye kila kitu: chupa, mifuko ya maharage, hata mayai. Chombo cha kupimia alikiosha mara tatu. Alisema mara ya kwanza unaondoa uchafu, ya pili unaondoa sabuni, ya tatu unaondoa wasiwasi. Mwanafunzi aliyeleta jibu zuri kutoka kwenye chombo kisichooshwa hakupewa alama hata moja. Ukimletea maoni yako, alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akakuambia, "Nimekuuliza ulichopima. Sikukuuliza unachodhani." Watoto walimwogopa. Wakubwa pia, kidogo.

Lakini mtu huyo huyo, akivuka kizingiti cha nyumba ya watu, alibadilika kabisa. Alikuwa mpole kama mkwe aliyekuja kujitambulisha. Alikula alichopewa. Alikalia kigoda alichoonyeshwa, hata kama kilikuwa na mguu mbovu. Akiletewa kinywaji kwenye kata ya kibuyu, alikipokea kwa mikono miwili na kichwa amekiinamisha, iwe mbege, pombe yetu ya ndizi, iwe maji. Nilidhani ni watu wawili tofauti ndani ya koti moja, na nilimpenda zaidi kwa hilo. Sikujua kwamba hapo ndipo kosa lilipokaa.

Somo alilolipenda lilikuwa la chumvi mbili. Alinikaribisha nilisikilize nikiwa nimesimama nyuma ya darasa. Aliweka glasi ya maji mezani, akatia punje chache za floraidi ya sodiamu, akakoroga. Punje zikapotea.

"Imekwenda wapi?"

"Imeyeyuka, Mwalimu!"

"Mnaiona?"

"Hatuioni."

"Ina harufu?"

"Haina."

"Na kuonja msionje, ni sumu. Basi ndivyo inavyokaa kwenye maji. Huioni, huinusi, unakunywa unashukuru."

Kisha akamimina polepole maji mengine yaliyokuwa na chumvi ya kalsiamu. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu ukaja ukungu mweupe ndani ya glasi, kama pumzi kwenye kioo wakati wa baridi, ukazidi, ukaanza kushuka chini.

"Floraidi imemwacha sodiamu," alisema, "imemfuata kalsiamu. Hii ndiyo floraidi ya kalsiamu. Kwa sodiamu inakaa kama mpangaji, saa yoyote inaondoka. Kwa kalsiamu imejenga. Sasa niambieni, kwenye mwili wenu kalsiamu iko wapi?"

Wengine wakashika mikono, wengine magoti. Msichana mmoja mbele akagusa mdomo.

"Na kwenye meno," alisema Mwalimu, bila kutabasamu.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu karibu nusu ya darasa walikuwa na meno ya kahawia. Hata mimi ninayo. Hata yeye alikuwa nayo. Mtu wa huku kwetu anajifunza mapema kucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono, na kupiga picha midomo ikiwa imefungwa. Mtoto alisuguliwa meno kwa mkaa, kwa majivu, wengine hata kwa mchanga, akaambiwa hapigi mswaki vizuri. Mwalimu alipambana na jambo hilo miaka yote. "Jino hilo halijachafuka," aliwaambia wazazi. "Limejengwa hivyo. Ukilisugua unaliumiza tu." Ndiyo maana alipostaafu, badala ya kukaa kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, na kahawa zake, aliamua kutafuta floraidi ile inatoka wapi.

Ilikuwa inajulikana kwamba huko chini tambarare kuna visima vyenye floraidi nyingi. Meno ya huko na ya kwetu yalifanana. Mwalimu akaona ni maji. Alipata kwa mwanafunzi wake wa zamani chupa ndogo ya dawa nyekundu ya kupimia. Wekundu wake unashikiliwa na madini yanayoitwa zirkoni. Floraidi ikiwepo inainyang'anya rangi zirkoni yake, wekundu unafifia, maji yanakuwa ya njano. Kadiri floraidi inavyokuwa nyingi ndivyo unjano unavyoongezeka. Ni kipimo kizuri, na mtu makini anaweza kukitumia hata mezani kwake.

Tulizunguka nyumba zaidi ya thelathini. Mimi nilibeba kreti ya chupa. Kila chupa ilikuwa imeoshwa mara tatu na kuandikwa jina la nyumba. Tulibisha hodi, tukaamkiana, Mwalimu akaomba maji wanayokunywa. Mama wa nyumba akaingia jikoni, akachota kwa kata, akaja nayo mpaka mlangoni, Mwalimu akaipokea kwa mikono miwili, akaimimina kwenye chupa. Jioni tulitia dawa. Nyumba baada ya nyumba, wekundu ulififia.

"Unaona, Fundi," alisema. Alikuwa amechoka na mwenye furaha. "Miaka yote hii tumekunywa tu."

Nikasema naona.

Suluhisho lake lilikuwa mifupa. Mifupa ya ng'ombe ukiichoma kwenye pipa lililofunikwa, hewa kidogo tu ikiingia, inakuwa mkaa mweusi, na mkaa huo una kalsiamu inayoshika floraidi maji yakipita ndani yake. Hilo ni kweli na linafanya kazi mahali ambapo maji ni mabaya. Tulihitaji mifupa mingi, kwa hiyo tukashuka mpaka Rau, kwa mchinjaji mmoja mzee aliyeitwa Shabani, mtu wa utani.

"Mwalimu, mifupa gunia tatu za nini? Umeanza kufuga fisi?"

"Nachuja maji, Mzee Shabani."

"Kwa mifupa?"

"Kwa mifupa. Ila iwe ya ng'ombe tu. Usinichanganyie."

"Nikuchanganyie na nini? Hapa kila mnyama nimechinja mwenyewe kwa bismillahi. Kawaambie Walutheri wako, kuanzia leo wanakunywa maji halali."

Mwalimu alicheka mpaka akatoa kitambaa, akajifunika mdomo.

Huko juu haikuwa rahisi. Moshi wa mifupa una harufu inayoingia kwenye nguo na haitoki. Akina mama waliulizana kama sasa watakunywa mchuzi wa mifupa iliyoungua. Jirani yake, Mama Aikaruwa, mjane mwenye sauti ya kwaya, alimuuliza mbele za watu, "Mwalimu, maji haya yanatoka mlimani. Ina maana Mungu alisahau kuyaosha?"

"Hakusahau, mama. Lakini tumepima."

Mama Aikaruwa akakaza kitenge chake kiunoni. "Kama umepima wewe, haya," alisema, akaenda kutafuta pipa.

Ndivyo walivyokubali wote. Hawakukubali kemia, walimkubali yeye. Nilifunga mabomba ya machujio yale nyumba kwa nyumba. Kila baada ya miezi kadhaa mkaa ulichoka, tukachoma mwingine. Ilikuwa kazi ya miaka, na akina mama waliifanya, pamoja na kahawa, ng'ombe na watoto.

Nyumbani kwake Mwalimu alilea wajukuu wawili, mabinti wa binti yake aliyekuwa akifanya biashara Tarakea, mpakani. Mkubwa aliitwa Manka. Manka alikunywa maji ya chujio tangu anaachishwa ziwa. Hata shule alikwenda na chupa yake. Alipofika miaka saba, meno mawili ya mbele ya utu uzima yakatoka, na yalikuwa kama chaki: meupe yasiyong'aa, yenye mawingu. Mwaka uliofuata chaki ile ikageuka kahawia, kama inavyofanya siku zote.

Mwalimu alisema pengine chujio la kwanza halikushindiliwa vizuri. Siku tatu baadaye akasema pengine mtoto alikunywa kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, pamoja na wenzake. Nilishangaa. Sikuwa nimewahi kumsikia akitoa sababu mbili za jambo moja bila kupima hata moja.

Nilichokigundua nilikigundua kwa bahati. Nilikuwa natengeneza bomba kule juu kwenye chemchemi, na kwenye mfuko wangu wa vifaa kulikuwa na dawa nyekundu iliyobaki. Nikachota maji pale pale yanapotoka kwenye jiwe. Wekundu haukutikisika. Nikadhani dawa imekufa. Nikarudia mara tatu. Nikashuka kwenye mfongo, nikachota: nyekundu. Nikafika kwangu, nikatumbukiza chupa safi kwenye ndoo ya maji ya kunywa: nyekundu. Ndipo, bila kuwaza sana, nikachota kwa kata iliyokuwa juu ya ndoo. Njano.

Nilikaa chini. Nikamwita mke wangu.

"Hii kata unaitumia kwa nini?"

"Kwa maji. Kwani imefanya nini?"

"Kwa maji tu?"

"Maji, na magadi. Unataka nichote magadi kwa mkono?"

Kila jiko la huku kwetu lina chungu kidogo cha magadi. Unanunua mabonge ya magadi sokoni, unayaloweka, unaacha taka zitulie chini, unachota maji ya juu yaliyo safi na kuyatia kwenye maharage ili yaive haraka. Bila hayo kiburu, ndizi na maharage tunavyopika pamoja na kuponda, kinakula kuni za siku nzima. Kata inatoka kwenye chungu cha magadi inakwenda kwenye ndoo, inatoka kwenye ndoo inarudi kwenye chungu. Nilidondosha tone moja la maji ya magadi kwenye maji ya chemchemi, nikatia dawa. Ilikuwa njano papo hapo.

Kwa hiyo maji yetu yalikuwa mazima. Floraidi ya sodiamu ilikuwa inakuja na magadi, tunaila kila siku, na watoto tunawaachisha ziwa kwa kiburu hicho hicho. Nikakumbuka kwamba zamani mwanafunzi aliwahi kumuuliza Mwalimu kuhusu magadi. Mwalimu alitia chokaa kwenye maji ya magadi, ukungu mkubwa ukatokea, akasema, "Hiyo ni kaboneti tu. Magadi ni kaboneti ya sodiamu, lazima yafanye hivyo." Alisema kweli. Lakini ndani ya ukungu ule mkubwa kulikuwa na ukungu mwingine mdogo uliojificha, na hakuutafuta.

Na kata? Mtu aliyeosha chupa mara tatu, kwa nini hakuosha kata? Jibu nililijua kabla sijamaliza kujiuliza. Kwetu mgeni haoshi chombo cha mwenye nyumba mbele ya macho yake. Ukifanya hivyo umemwambia yeye ni mchafu, na hutaingia tena mlango ule. Mwalimu asingeweza. Angemnyima mwanafunzi alama zote kwa chupa yenye sabuni, lakini kata ya mama wa watu aliipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, zaidi ya mara thelathini.

Nilikwenda kwake na chupa tatu: ya chemchemi, ya ndoo, ya kata. Alikuwa kibarazani. Nilimsalimia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Leo umekuja na mzigo."

Sikueleza. Niliziweka mezani na yeye akatia dawa mwenyewe. Alizitazama muda mrefu.

"Ya chemchemi umechota wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Chupa umeosha?"

"Mara tatu."

"Na kata?"

"Kata hatukuosha, Mwalimu. Hata siku moja."

Kupitia mlango wa jiko tulimwona Bibi akimlisha kiburu mjukuu mdogo, Ndeshi, ambaye alikuwa amepita mwaka mmoja tu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba jino la utu uzima linalotoka mtoto akiwa na miaka saba halijengwi mwaka huo. Linaanza kujengwa ndani ya ufizi tangu uchanga, kuanzia ncha, tabaka juu ya tabaka, mwezi baada ya mwezi, na kinacholiwa mwezi huu kinabaki kwenye tabaka la mwezi huu.

"Mwalimu," nilisema, "meno ya Ndeshi yanajengwa sasa hivi."

"Najua yanajengwa lini. Mimi ndiye niliyekufundisha." Sauti yake ilikuwa ya darasani. Kisha ikashuka. "Nenda nyumbani, Fundi. Usimwambie mtu mpaka nipime upya."

Nikaenda, na sikumwambia mtu. Hilo ni langu, simwekei yeye.

Hakupima upya. Masika yakapita, baridi ya mwezi wa saba ikapita, kahawa ikaanza kuchumwa. Machujio yalijazwa mifupa kama kawaida, na yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza magunia. Jumamosi nilipokwenda tulizungumza habari za ng'ombe. Nyumbani kwangu niliacha magadi. Mke wangu aliponiuliza nilisema tujaribu tu, akaniambia majaribio yangu yanamaliza kuni zake. Kwa Mwalimu, Bibi aliendelea kupika kama alivyopika siku zote, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Nilimwona Mwalimu akikaa mezani na kula kiburu kile, na Ndeshi akiwa pajani mwake.

Baadaye nilimuuliza kwa nini.

"Niliogopa nikisema nimekosea kwenye maji, hawatanisadiki kwenye magadi."

"Ni sababu nzuri."

"Ni nusu ya sababu."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine ni mimi," alisema.

Aliyeumaliza ukimya ule ni Manka. Siku ya kupiga picha ya darasa alisimama mbele ya kioo akijifunza kufunga midomo. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yake na mtoto akamwona kwenye kioo. "Babu," alimuuliza, "mimi nilikunywa maji yako tu. Mbona?"

Kesho yake asubuhi, kabla sijanywa chai, Mwalimu alikuwa uani kwangu na fungu la majani ya masale mkononi. Msomaji wa mbali ajue kwamba masale ndiyo mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu ni ombi la msamaha ambalo si rahisi kulikataa. Linapelekwa kwa mambo mazito. Sikuwahi kumwona Mwalimu akilishika.

"Nimeanzia jikoni kwangu," alisema. "Bibi amelipokea. Twende kwa wengine."

Tulipita nyumba zile zile, kwa mpangilio ule ule. Kila mlango alisema maneno yale yale, amesimama, kofia mkononi: "Nilikuja hapa nikakuambia maji yako yana ubaya. Nilikosea. Maji yako ni mazima. Ubaya uko kwenye magadi, na sikuuona kwa sababu sikuosha kata. Kisha nilipojua, nilinyamaza. Naomba unisamehe." Ile sentensi ya kunyamaza hakuna aliyemdai. Aliisema kila mlango.

Wengine walicheka kwa mshangao. Mama mmoja alikasirika kweli.

"Na harufu yote ile ya mifupa? Mume wangu alihamia chumba cha wageni!"

"Nisamehe, mama."

"Na kiburu bila magadi kitaiva lini, Krismasi?"

"Loweka maharage tangu jana yake, umwage maji ya kuloweka, ndipo uyabandike."

"Jamani, mwanamume ananifundisha kupika maharage!" alisema, lakini jani alikuwa ameshalipokea.

Mama Aikaruwa aliliangalia lile jani, akamwangalia Mwalimu.

"Hili la nini? Umeua mtu?"

Akaeleza. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango wake.

"Mwalimu, siku ile nilipokupa kata, nilikumbuka imetoka kwenye magadi. Niliona aibu. Ningemnyang'anya mgeni kata mkononi?"

"Ungeninyang'anya, mama."

"Na wewe ungeiosha."

Kisha akainuka, akatuletea chai.

Sitadanganya kwamba kijiji kizima kiliacha magadi. Wengi waliacha, wengine walipunguza. Wengine walianza kununua magadi meupe zaidi wakiamini weupe ni usafi, na Mwalimu aliwapimia bure, njano baada ya njano, mpaka miguu ilipokataa kumpeleka. Mapipa ya mifupa yakageuka ya kuwekea maji ya ng'ombe.

Mara ya mwisho kumtembelea na kuzungumza naye kwa kirefu ilikuwa wakati wa baridi. Mlima ulikuwa umefunikwa tangu asubuhi. Alikuwa kitini karibu na dirisha, blanketi magotini, macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho na upasuaji ukisubiri moyo wake upate nafuu. Aliniuliza habari za mabomba, nikamweleza. Aliuliza kitabu gani ninasoma, akanihoji. Kisha akasema jambo ambalo nadhani ndilo alilokuwa ameniitia.

"Ndeshi ametoa meno ya mbele. Bibi anasema ni mazuri. Manka anasema ni mazuri. Wananipenda, hawafai kupima. Angalia wewe."

Akamwita. Ndeshi akaja, miaka saba, sweta la shule, akasimama katikati ya magoti ya babu yake.

"Fungua mdomo, Fundi aone."

Nilimgeuza kuelekea dirishani. Mawili ya juu yalikuwa yametoka karibu yote. Niliyatazama, nikajua kwamba ninaweza kusema "ni mazuri" na nisiwe mwongo sana.

"Ncha ni chaki," nilisema. "Kutoka ncha, karibu theluthi. Baada ya hapo ni safi, yanang'aa, mpaka kwenye ufizi."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Kwa kimo kimoja."

"Mpaka wake unaonekana?"

"Unaonekana. Ni kama mstari."

Niliona midomo yake ikitembea, anahesabu.

"Mwanzo wa ile chaki ni kabla hujaja na chupa zako," alisema. "Hiyo ni ya kutojua. Na kutoka hapo mpaka kwenye mstari?"

Niligeukia dirisha.

"Sema, Fundi."

"Ni ile miezi, Mwalimu."

"Miezi yangu."

"Na mimi nilinyamaza."

Alitikisa kichwa, sijui kukubali au kukataa. Ndeshi alikuwa bado amefungua mdomo, macho yakienda kwangu na kurudi kwa babu yake.

"Babu, nifunge?" aliuliza, maneno yakitoka nusu nusu.

"Bado, mama."

Akaomba maji ya kunawa, nikammiminia. Akanyoosha mkono, akatafuta shavu la mtoto, kisha mdomo, kisha jino. Aliweka ukucha wa kidole kidogo kwenye ufizi, akaushusha taratibu sana juu ya ile sehemu laini. Alishusha, akashusha, na mahali fulani ukucha ukasimama.

"Hapa," alisema.

"Hapo," nilisema.

Alikiacha kidole pale kwa muda, kisha akakiondoa.

"Sasa funga, mama."